Nilimgeuza Jirani Yangu Kichekesho Ili Kitabu Changu Kichapwe

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Bagamoyo. Jina lake tunalo, na halitatoka kwetu.

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nafundisha shule hapa Bagamoyo, nina mke na watoto watatu. Siandiki kutafuta huruma. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlinicheka miaka miwili iliyopita kwa kitabu changu cha kwanza, na mkinicheka tena leo sitashangaa. Ila safari hii ubaya nimeutenda mimi, na hapa mjini sina wa kumwambia.

Niliandika kitabu juu ya marehemu baba yangu. Baba alisomesha chuo cha Kurani kule Zinga miaka mingi. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mtoto akikosea herufi, alimrudisha mwanzo wa sura bila kumpiga. Mswada nikaupeleka Dar es Salaam, kwenye ofisi moja ya kuchapa vitabu, kwa mhariri Mzungu. Mwaka mzima kimya. Kitabu kilipotoka, baba alikuwa mganga. Kwenye jalada kasimama mzee kifua wazi, kavaa ngozi ya chui, mkononi ana tunguri. Ndani, chuo kimekuwa kibanda cha kupungia pepo. Na jina la mwandishi ni langu.

Nilikwenda kumwuliza. Akanijibu bila hata kuniambia nikae, "Mwalimu, mtu wa kanzu anayesomesha watoto si hadithi. Wasomaji wanataka Afrika yenyewe."

Nilipofika kwa mama nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kitabu alikuwa amekilaza kifudifudi kwenye mkeka. Akaniuliza, "Huyu mvaa ngozi nimezaa naye lini?"

Hasira ile ndiyo iliyoniandikisha kitabu cha pili. Hiki kilikuwa kejeli tupu: ofisi ya vitabu, na mhariri Mzungu ambaye kila hadithi ikimjia, iwe ya karani, iwe ya fundi cherehani, lazima amvue mtu nguo amvike ngozi. Mwandishi mmoja anampelekea kitabu cha hesabu, kinarudi mwalimu kaliwa na simba. Niliandika kwa chuki, na sitasema uongo, nilistarehe.

Aliyenipigia taipu ni jirani yangu, nimwite Bwana Valji. Ni Mhindi, ana duka la vitambaa mtaani kwetu. Yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha walimu wenzangu wengi. Kila alasiri akishafunga duka alikaa na karatasi zangu, na hakutaka chochote. Akifika pa kuchekesha huacha taipu akashika tumbo. "Mwalimu, huyu bwana sasa umemvua yeye!"

Nikakipeleka ofisi nyingine. Huko nikakuta Mzungu kijana, mpole, aliyesimama kunipa mkono. "Nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza nina nini," akasema. "Tutakichapa. Lakini mhariri asiwe Mzungu, watu wataudhika bure. Mfanye Mhindi."

"Mhindi gani ana ofisi ya vitabu?"

"Awe na duka, anachapa vitabu uani. Aseme 'veve' na 'vapi'. Hapo watacheka zaidi."

Ningeinuka nikaondoka. Sikuinuka. Nilisema nitatazama, na siku tatu zikanitosha. Nilipotafuta Mhindi wa kumwandika, akanijia mmoja tu ninayemjua vizuri. Nikaichukua miwani yake iliyofungwa uzi sikioni, nikachukua anavyolamba kidole kabla ya kufunua karatasi, hata kikohozi chake nikakichukua. Kisha nikamtwisha uchoyo na uongo ambao sijapata kuuona kwake, na ile 'veve' ambayo haijapata kumtoka kinywani. Mzungu akaniandikia kwamba Wahindi nawajua barabara. Nami nilifurahi, jamani. Barua ile niliisoma mara mbili.

Sasa nimeletewa kurasa zilizopigwa chapa nizisahihishe, na mwisho wa mwezi ujao lazima zirudi kwa posta. Mke wangu ndiye peke yake anayejua. Kaniambia, "Mwenzangu, Mhindi mmoja akinuna mji hauhami. Kwani nani alimsikitikia baba yako?" Najua wengi wenu mtasema kama yeye. Hata mimi kuna saa nasema: wao nao hawatucheki madukani mwao? Lakini nikijaribu kukumbuka siku aliyonicheka Valji, siipati.

Jana alinipungia mkono niingie dukani. Kabati la kioo lililo mbele ameliondolea majora yote ya kitambaa, ametandika mahameli ya kijani. "Hapa pa kitabu chetu," akasema. "Kila atakayeingia nitamsomea kwa sauti, nimwambie mimi ndiye niliyekipiga taipu." Kisha akainama, akashusha sauti kama watu wanaokula njama pamoja. "Mhariri wetu bado Mzungu, siyo? Hawakumgusa?"

Nikamwambia hawakumgusa.

Basi semeni, nyinyi mnaojua kuhukumu watu. Nikikizuia kitabu, hakuna ofisi itakayonipokea tena, na aliyemvika baba yangu ngozi atakuwa kanishinda. Nikikiacha kitoke, Valji atakisoma mbele ya wateja wake, kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyoahidi. Nimpelekee kurasa hizi kabla hazijarudi posta azione kwa macho yake? Na akinitazama, nimwambie nini? Mwenye shauri anipe. Asiye nalo aniache.