Glasi Nene za Posa

Glasi ya kwanza ilipasuka kwenye sinia, mbele ya shangazi wa kijana aliyekuja kumposa dada yangu. Ililia "ta!" mara moja tu, chai ikatapakaa hadi kwenye mkeka. Mama akacheka kicheko cha kuomba radhi, akaniashiria nimimine nyingine. Nikamimina. Nayo ikapasuka.

Wageni walitoka Bungu, milimani kwenye baridi, watu ambao chai isiyotokota kwao si chai. Sisi wa Chanika tulitaka waone kwamba hata huku chini adabu ipo. Tuliazima glasi sita kwa jirani, zile nene nzito za kukaa kabatini, na zetu nyembamba za duka la ushirika tukaziacha jikoni. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, mimi mwenyewe nilizitumbukiza zile nene kwenye beseni la maji ya mtungini, ili mgeni ashike kitu cha ubaridi. Nilijiona bingwa wa ukarimu.

Shangazi alijifunga kanga yake vizuri, taratibu.

"Ya kwanza ajali," alimwambia kaka yake, baba wa kijana. "Ya pili ina neno. Nyumba hii ina nuksi, kaka. Tuondoke kungali mapema."

Yule mzee akaanza kutafuta viatu vyake. Baba yangu aliinamisha kichwa. Posa hii dada aliingoja miaka miwili, tangu kijana alipokuwa kibarua kwenye mkonge. Dada alimpenda waziwazi, hata hakujali tulivyomtania. Nilikasirika, na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe. Jambo hili nilikuwa nimelisoma. Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu kule Korogwe, na swali hilihili nililijibu kwenye mtihani nikapata vema.

"Shangazi, kosa ni langu," nilisema. "Nilizitia kwenye maji baridi. Ukimimina chai, glasi inapata moto kwa ndani, inatanuka. Ikiwa nene, joto linachelewa kufika nje, na nje hakutanuki. Ndani kunasukuma, nje kunakataa, basi inapasuka. Nyembamba hupata moto yote kwa pamoja."

"Kwa hiyo kinene ndicho dhaifu?" aliuliza. "Ndiyo mnayofundishwa huko? Mwanangu, usitufanye watoto."

Kitabuni maneno yale yalikuwa na nguvu. Pale mkekani, mbele ya vigae vya glasi, yalisikika kama uongo wa mtoto aliyevunja chombo.

Ndipo dada akatoka chumbani, jambo ambalo msichana anayeposwa hafanyi. Mama akajishika mdomo. Dada alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alichukua glasi nene ya tatu, akaisuuza mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, akaifuta kwa upindo wa kanga. Akaiweka kwenye kiganja kitupu, akanyanyua birika.

"Shikamoo, shangazi. Ikipasuka nitaungua mimi, nanyi mwende zenu."

Shangazi hakuitikia. Alikuwa anakitazama kile kiganja. Dada akamimina chai ya moto, kidogo kwanza, akangoja, kisha akaanza kuijaza. Mimi niliyesoma, niliyejua kwa nini haitapasuka, nilifumba macho. Sikuyafumbua mpaka niliposikia sauti ya shangazi.

"Marahaba, mkwe wangu."