Shingo Tupu Jukwaani

Kila mwaka, msimu wa mashindano unapokaribia, huwakalisha wasichana wangu kwenye sakafu ya bwalo na kuwasomea kanuni za ngoma neno kwa neno. Wengi husinzia. Nawaacha wasinzie, lakini nasoma mpaka mwisho. Mchezaji awe mwanafunzi wa shule anayoiwakilisha. Asizidi umri uliowekwa. Mwenye jeraha asipande jukwaani bila barua ya daktari. Asiinuliwe mtu kupita mabega ya wenzake. Kisivaliwe kitu chochote kinachoweza kukatika, kudondoka au kunasa: hereni, bangili, saa, mkufu, shanga.

Walimu wenzangu wananiita polisi wa ngoma. Sijali. Niliwahi kumwona msichana wa shule nyingine akiteleza juu ya shanga za mwenzake zilizokatika katikati ya wimbo, katika ukumbi wa vigae, na mkono wake ulipovunjika niliusikia mlio wake nikiwa safu ya nyuma, ngoma zikiwa bado zinapigwa. Tangu siku hiyo, mtu akianza kuniambia kwamba kanuni zipo kwa ajili ya kuwasumbua watu, namwacha aseme peke yake.

Nafundisha Kakuma, ingawa nyumbani kwetu ni Kanamkemer, Lodwar. Katika timu yangu wamo Waturkana, wamo wa kambi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wamo Wakongomani. Ngoma yetu ni mchanganyiko wa mambo yao yote: kuruka kwa Waturkana, mabega ya Wasudani, na viuno vya Wakongomani, ambavyo kila mwaka navipunguza kidogo kwa sababu ya majaji.

Mwaka ninaousimulia, nguzo ya timu alikuwa binti mmoja wa Kataboi aliyelala bwenini kwetu. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na aliporuka ungedhani ardhi imemsukuma. Mama yake alikausha samaki kule ziwani. Kaka yake mkubwa alikuwa utingo wa lori lililopeleka bidhaa Sudan Kusini kupitia mpaka wa Nadapal, na mama huyo alikuwa na hofu moja tu maishani, kwamba siku moja lori lingerudi bila kijana wake. Binti alinieleza hilo kwa namna mtu anavyoeleza habari za hali ya hewa.

Shingoni alivaa nyuzi chache za shanga ambazo mama yake alimfungia siku alipokuja shuleni. Shule hairuhusu mapambo, lakini mwalimu mkuu alizifumbia macho. Tungeanza kukata shanga shingoni mwa mabinti wa ziwani, mwaka uliofuata tusingekuwa na mabinti wa ziwani.

Mama yangu mzazi naye alikuwa hivyo. Mwanamke wa rika lake hakuvua shanga ili alale, wala ili aoge. Alizivua alipofiwa. Anayekukuta njiani shingo ikiwa tupu haulizi kama kuna msiba, anauliza ni nani. Mimi nimekulia mjini, shingo yangu imekuwa wazi tangu utotoni na hakuna anayeniuliza kitu.

Mashindano ya Kakuma tuliyacheza uwanjani, kwenye mchanga, na hakuna aliyetukagua zaidi ya kutuhesabu. Tulishinda, tukaja Lodwar. Huko tulichezea ukumbini, penye vigae, na mlangoni alisimama mkaguzi mwenye filimbi shingoni na Kiingereza kingi.

Alianza na karatasi za umri.

"Madam, mbona hawa wote wamezaliwa Januari mosi?"

"Waliandikishwa kambini na watu waliokuwa na haraka," nikamjibu.

Hakucheka. Alipekua moja moja mpaka akampata Mkongomani wetu mdogo kuliko wote, yule wa akiba, ambaye karatasi yake ilimpa mwaka mmoja zaidi ya umri unaoruhusiwa. Mwili wake haukuwa na habari na mwaka huo.

"Ile karatasi balifanya niko mutoto, mwalimu," aliniambia, machozi yakimlenga. "Miye sikujua kitu."

Nilimwamini, na nikamtoa. Umri ni umri wa karatasi, hilo nilikuwa nimewasomea wenyewe. Lakini baada ya kumtoa yeye tulibaki na idadi ya chini kabisa inayokubaliwa. Angepungua mmoja tu, tungerudi Kakuma bila kukanyaga jukwaa.

Ndipo mkaguzi akafika kwa binti wa Kataboi.

"Hii lazima itoke."

Nikamuuliza kama tunaweza kuzifunga kwa kitambaa. Akasema kanuni inakataza kuvaa, haisemi chochote juu ya kufunika. Alikuwa sahihi. Mahali pake ningesema vilevile.

Binti aliziwekea mkono. "Mwalimu, nikitoa hii, watu wataniuliza nani amekufa. Nitawaambia nani?"

"Hakuna mtu amekufa," nikasema. "Ni dakika chache tu, halafu unafunga tena."

Aliwatazama wenzake waliokuwa wamepanga mstari, wamepakwa mafuta. Kisha akainamisha kichwa mbele yangu na kusema, "Basi nitolee wewe. Mimi siwezi."

Mafundo ya mama yake yalikuwa magumu, yamelowa mafuta na jasho la miezi mingi, nikatumia meno. Ngozi ya chini ilikuwa nyororo na nyeupe kidogo kuliko ya usoni. Nilizifunga shanga kwenye leso yangu, nikaitia leso mkobani, na timu ikapanda.

Walicheza vizuri. Binti aliruka kama kawaida yake, ila kila aliposhuka mkono wake ulikwenda shingoni, na jaji mmoja alimsifu kwa ishara hiyo akidhani ni sehemu ya ngoma. Tulipata nafasi ya kwenda mashindano ya kanda, Kitale. Dereva wa basi letu aliwapiga picha wakiwa wamekumbatiana kwenye ngazi za ukumbi, binti wa Kataboi katikati na kikombe mkononi, akaituma kwenye kundi la wazazi bila kuandika neno hata moja, kwa sababu aliona picha inajieleza yenyewe.

Tulilala Kanamkemer, katika shule ya jirani na kwetu. Kabla ya chakula cha jioni binti alishazifunga shanga zake tena, mwenyewe, kwa mafundo ya haraka. Niliona mambo yamekwisha.

Asubuhi alikuwa barazani akifua soksi wakati pikapu ya samaki iliposimama getini. Akashuka mama mmoja mrefu, mwenye shuka la mistari, na akaja moja kwa moja bila kumsalimu mlinzi. Sikumjua. Nilichokiona kwanza ni shingo yake. Shingo iliyobeba shanga miaka yote ile, ikiwa wazi, huonekana nyembamba kama ya mtoto.

Binti aliinua macho. Alimtazama mama yake shingoni, na yowe lililomtoka sijawahi kulisikia tena, wala sitaki. Alijishika shanga kwa mikono miwili akazivuta. Uzi ukakatika. Shanga zikamwagika kwenye saruji ya baraza, zikatiririka huku na huku miguuni mwa wasichana waliokuwa wanakimbilia hapo, na neno la kwanza kunitoka mimi, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Msikanyage! Msikanyage!"

Mama na binti walikuwa wameshikana.

"Nani?" mama aliuliza.

"Nani?" binti akauliza.

Kila mmoja alidhani mwenzake anajua na anaogopa kutaja. Niliwasikiliza wakirudiana swali hilo kwa Kiturkana mpaka nikaelewa kilichotokea. Kule Kataboi, mchuuzi wa samaki mwenye simu alikuwa amemwonyesha mama ile picha. Mama hakuona kikombe. Aliona bintiye amevua shanga mbele za watu, akajua habari ya lori imefika Lodwar kabla ya kufika kwake. Akavua zake, akapanda gari. Na binti, kwa kumwona mama shingo tupu, akajua vilevile.

Nilisogea. "Ejok, mama," nikasema, na hata mimi nilisikia jinsi salamu hiyo ilivyokuwa haifai. "Hakuna aliyefariki. Kaa kwanza. Leteni kiti. Leteni chai."

Hapo niliharibu zaidi. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa amesimama. Anawekewa kiti, anapewa chai, anaambiwa hakuna neno, mpaka anywe. Mama alikiangalia kile kiti kana kwamba ni jeneza.

"Kama hakuna aliyekufa, huyu alivuliwa shanga kwa nini?"

"Ni kanuni ya mashindano, mama. Zikikatika ukumbini, watoto watateleza."

Akazitazama shanga zilizotapakaa barazani, akanitazama mimi. "Mwalimu, wewe ni mtoto wa hapa hapa. Niambie ni wapi walipomzika mwanangu."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilikuwa na hasira, ila sikupata wa kumkasirikia. Mkaguzi alifanya kazi yake. Dereva wa basi alifurahi. Mama alisoma alichofundishwa kusoma. Ningeweza kutetea kila kitu kilichofanyika jana yake, na mbele ya mama yule utetezi wote haukununua hata kijiti cha kiberiti.

Simu ya kijana haikupatikana. Nilimpigia mwenye lori, mfanyabiashara Msomali wa Kakuma, ambaye aliniambia kwa upole kwamba gari lilivuka Nadapal salama na kwamba huko ng'ambo dereva hutumia laini nyingine. Akanipa namba. Sikumwambia mama aliyoyasema, maana neno "salama" tayari lilikuwa halina thamani pale barazani. Nilipiga. Iliita ikakatika. Nilipiga tena, wasichana wote wakiwa wamechuchumaa, wengine wanaokota shanga, wengine wanaangalia mdomo wangu.

Dereva akapokea, akaita jina, na sauti ya kijana ikaja, nzito, ya mtu aliyeamshwa. Nikaweka simu kwenye kipaza sauti. Alichokisikia kwanza ni kilio cha dada yake.

"Mbona mnalia?" akauliza. "Mmeshindwa?"

Mama alininyang'anya simu. "Sema tena," alimwambia. Kijana akauliza aseme nini. "Sema chochote." Akasema huko kuna joto, na kwamba kuku wa huko ni ghali, na kwamba lori linahitaji tairi, na mama akawa anasikiliza habari za tairi kwa macho yaliyofumbwa. Ndipo akakaa kwenye kiti. Chai ilikuwa imeshapoa, akainywa.

Dereva wa pikapu alitoa kipande cha uzi wa kuvulia samaki, na wasichana wakaanza kutunga. Shanga nyingine hazikupatikana, kwa hiyo Mkongomani aliyekosa kucheza akachomoa za bluu kwenye bangili yake mwenyewe na kujazia. Mama akamfungia binti kwanza, akavuta mafundo kwa nguvu. Kisha akatoa zake kwenye shuka, binti akamfungia.

Nilisubiri wamalize ndipo nikauliza nililolazimika kuuliza. "Mama, kule Kitale kanuni ni hiyo hiyo. Watazivua tena. Utamruhusu, au nisimpeleke?"

Nilidhani nalijua jibu, na nilikuwa tayari kulikubali. Bila binti yule hakukuwa na timu. Wasichana nao walijua, maana walisogea karibu.

Alichezea fundo la shingoni mwake.

"Aende," alisema. "Lakini ile picha muipige kabla. Na muitume kabla."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na sasa nimeliweka katika kanuni ninazosoma bwaloni, mwishoni kabisa, baada ya shanga. Picha za timu zilizotundikwa ofisini kwangu zote zimepigwa mlangoni, kabla ya ukaguzi. Wageni hulalamika kwamba hakuna hata moja yenye kikombe. Wasichana wamesimama wima, kila mmoja na vitu vyake shingoni, na nyuso zao ni za watu ambao hawajui bado kama watashinda.