Kompyuta Isizimwe

Wakubwa wa serikali walipoufunga mtandao wa gazeti la mtaa, kila aliyelitafuta aliambulia ukurasa mweupe. Eti gazeti la uchochezi! Gazeti la watu watatu na meza mbili! Mhariri wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gazeti, alisonya akasema, "Wamefunga mlango, tutapitia dirishani."

Dirisha alilionyeshwa na fundi wao wa kompyuta. Toleo zima liwekwe kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Mama Gazeti, wasomaji walivute kipande kipande, na mwenye kipande ampe mwenzake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sharti lilikuwa moja tu: mpaka apatikane mtu mmoja mwenye toleo kamili, ile kompyuta isizimwe.

Na toleo hilo halikuwa la mchezo. Maji ya bomba ya mtaani yalikuwa na sumu ya kiwanda cha betri. Kuchemsha hakusaidii, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Majibu ya maabara yalikuwa ukurasa wa mwisho.

Sasa, nyumbani kuna mama mkwe. Mtu mwema, Mungu ampe umri, lakini ubahili wake jamani! Taa ikiwaka mchana, yeye anaumwa kichwa. Tena mdomo wake hauna kufuli, ndiyo maana Mama Gazeti hakumwambia kitu kabla toleo halijafika kwa watu. Alinunua tu madumu ya maji kutoka mbali, akasema, "Mama, mjukuu wako anywe haya." Kwenye kompyuta akabandika karatasi: USIZIME.

Alasiri fundi akapiga simu ofisini. "Dada, limekwama! Watu wote wamekosa ukurasa wa mwisho. Kompyuta yako haionekani."

Alirudi nyumbani mbio, kiatu kimoja kikitaka kumvuka. Waya wa kompyuta ulikuwa sakafuni. Kwenye soketi kulikuwa na pasi, na mama mkwe ananyoosha sare ya mjukuu wake.

"Mama! Karatasi hukuiona?"

"Nimeiona. Sijazima, nimechomoa. Mashine inanguruma tangu juzi na hakuna mtu aliyeikalia!"

Mama Gazeti alitaka kupiga kelele. Wakubwa amewapiga chenga, kumbe anakuja kukwamishwa na pasi! Akachomoa pasi, akachomeka waya, akaiwasha kompyuta, akaketi anahema kwa mbio na hasira.

Mama mkwe akamwonea huruma, akamletea glasi. "Kunywa maji upoe, mwanangu."

Akaipeleka mdomoni, akasita. "Haya ni ya dumu?"

"Ya dumu nani anayagusa? Maji ya kununua! Madumu yako yako chini ya kitanda, yote yamejaa, tutayafungua bomba likikauka. Mimi na mjukuu wangu tunakunywa ya bomba, kama watu wote."

Simu ikalia. "Limepita, dada!" fundi alipaza sauti. "Mtu wa kwanza amelipata zima!"

Mama Gazeti alikata simu. Aliiweka glasi chini polepole.

"Mama," alisema, "kaa hapa. Nikusomee gazeti."