Dresa wa Mablanketi Mawili

Nilichokiona kwanza kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati yetu, milimani juu ya Same, ni jinsi alivyosugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mgonjwa. Kila aliyelazwa alimfunika mablanketi mawili. Mwaka huu wa 1957 ilikuja barua kutoka Uingereza, alikopelekwa Ernesta, mmoja wa wagonjwa wake, kupasuliwa moyo. Dresa alimsomea mama yake Ernesta kwa sauti ya chini.

“Watampoza mwili mzima, mama, ili moyo ukisimamishwa ubongo usife.”

“Bwana dresa, wewe wa mablanketi, umekubali wamgandishe mwanangu?”

Akaikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena. “Mimi ndiye niliyeomba apelekwe,” alisema.

Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi, ukungu haujaondoka, nao wawili wamesimama barabarani, wametega masikio wasikie lori la posta litakaloleta telegramu.