Mshale Kutoka Ziwa Tanganyika

Mdogo wangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Uccle, huku ughaibuni, na basi lake la kwanza linaondoka Berchem-Sainte-Agathe kabla hakujapambazuka. Tangu mumewe alipoondoka, mtoto wake hakuwahi kubaki peke yake asubuhi. Kila siku alishuka ghorofa moja, akagonga mlango wa jirani, akanywa chai pamoja na binti wa jirani, kisha mama huyo akawapeleka wote wawili shuleni. Jirani ni Mwislamu wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na huuza sambusa; kwetu Waislamu huitwa Waswahili. Sisi ni Wakristo wa Uvira, Kongo. Kwao na kwetu kunatazamana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hapakuwa na mapatano ya kuandikwa, wala malipo. Lakini bila mlango ule mdogo wangu angepoteza kazi, na hilo tulilijua wote ingawa hakuna aliyelitamka.

Mwaka mmoja kila mtoto wa darasa lao alitakiwa kuchagua kitabu cha historia na kukieleza mbele ya wenzake. Mtoto wetu, wa miaka kumi na miwili, alileta kutoka maktaba ya mtaa kitabu cha Kifaransa kuhusu historia ya utumwa Marekani, kilichoandikwa kwa ajili ya vijana, chenye picha kubwa na maelezo mafupi. Ni mtoto wa rula na kalamu za rangi. Alichora ramani, akaandika vichwa vya habari kwa herufi za mraba, na Jumapili moja baada ya ibada akasimama sebuleni kufanya mazoezi mbele ya wageni, akitafsiri kwa Kiswahili ili wazee wafuate.

Alipofika kwenye matangazo, sebule ilinyamaza. Kitabu kilieleza kwamba vita vilipokomesha utumwa, watu walioachiwa huru walipeleka matangazo magazetini kutafuta ndugu zao waliouzwa mbali. Huyu anamtafuta mama yake, yule anamtafuta dada, na kila mmoja anataja mji, jina la aliyekuwa bwana wao, na alama yoyote anayoikumbuka. Mimi nilisoma matangazo ya namna hiyo redioni Uvira, baada ya kila kukimbia vita: fulani mwana wa fulani, alionekana mara ya mwisho njia ya kwenda mtoni. Mdogo wangu alitazama sahani yake. Kaka yetu mmoja tulimtangaza hivyo hivyo, na sauti iliyomtangaza ilikuwa yangu.

Nadhani ni ukimya ule uliomsukuma papa kusema. Papa, kama tunavyowaita kwetu akina baba watu wazima, ni mzee wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, na ndiye aliyemtafutia mdogo wangu nyumba ile.

"Bon, mutoto, umesoma muzuri," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Lakini kitabu yako haisemi nani aliuzisha bale bantu. Ni Barabu! Barabu na Baswahili yabo. Balikuwa banatoka Ujiji, banavuka lac, ziwa yetu ile, banafunga bantu minyororo. Na bajukuu yabo bako hapa chini, banauza sambusa!"

Watu walicheka, wakafurahi kupata sababu ya kucheka.

"Papa, balibapeleka Amerika?" mtoto aliuliza.

"Wapi tena? Amerika!"

Mtoto akachukua kalamu nyekundu. Kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika, juu ya Kongo nzima na bahari nzima, akavuta mshale mmoja ulionyooka hadi Marekani.

Baadaye nilikisoma kitabu chenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Afrika ilipewa sentensi moja tu: watu walikamatwa huko, wakapakiwa melini. Kilichobaki kilikuwa Marekani, na kilielezwa vizuri. Mtoto alikuta nafasi tupu, papa akaijaza kwa alichofundishwa na wamisionari, katika vitabu ambamo mtu wa kanzu ana mjeledi na askari mzungu anakata minyororo. Misafara iliyopita kwetu ilikuwa kweli, na ukatili wake ulikuwa kweli, lakini ilielekea mashariki, Unguja na ng'ambo yake. Meli za Marekani zilipakia magharibi, hata kwenye mdomo wa mto wetu wenyewe, Kongo. Hizo papa hakufundishwa. Naye akafundisha vilevile hadi alipostaafu.

Siku ya maelezo, mwalimu alisifu ramani. Binti wa jirani alikuwa amekaa dawati la pili, na mtoto wetu, akifuata alichoandika, akasema kwamba wajukuu wa wauzaji wanaishi hata leo katika jengo lao. Wakati wa mapumziko mvulana mmoja alimfuata binti wa jirani uwanjani.

"Babu yako alimuuza babu wa huyu bei gani? Alipunguza?"

Wengine wakadakia. Mtoto wetu alikuwa hapo hapo. Aliinama akafunga kamba za viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata mlango wa chini haukufunguliwa. Sauti ilitoka ndani: "Leo mpeleke mwenyewe, dada."

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa amesimama ngazini. "Kuja mbio. Iko shida. Basi inaenda kuniacha."

Nilikwenda siku hiyo na siku zilizofuata, lakini kazi yangu ya ukalimani inanipeleka leo Liège, kesho Antwerp, na mkuu wa kazi wa mdogo wangu alikwisha kumwonya kuhusu kuchelewa. Nikaamua kuanzia kwa papa. Anaishi karibu na uwanja wa Flagey, na tulikaa kwenye mkahawa anapokaa kila siku baada ya soko.

"Papa, mtoto wa watu ametukanwa shuleni."

"Alors? Nilisema uongo? Baswahili habakuuza bantu?"

"Wapo waliouza. Lakini si Amerika. Na si yule mama wa sambusa."

"Weye utanifundisha histoire, maman? Miye nilikuwa nafundisha histoire, weye ulikuwa ungali unalia ku mugongo ya mama yako." Akacheka, akanisogezea kikombe. "Kunywa, itapoa."

Nilimweleza mambo ya mashariki na magharibi. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri tangazo la dawa liishe ndipo habari ziendelee. Kisha akaniuliza habari za mgongo wangu.

Kwetu, msamaha mkubwa hauombwi kwa simu. Unakwenda na mtu mzima wa kukusemea, na hamwendi mikono mitupu. Mdogo wangu alinunua kreti ya soda, mchele na mafuta. Alikuwa amekwisha kuweka na kuku wa supamaketi kwenye kapu.

"Rudisha huyo," nilimwambia. "Hakuchinjwa kwa sheria yao. Atatuongezea kesi."

Jirani alitupokea amesimama, akatuketisha, akaleta chai kwa kuwa sisi ni wageni. Nilisema yangu, mdogo wangu akasema yake, akalia kidogo. Jirani alingoja amalize.

"Dada, mimi sina neno na mtoto. Mtoto kasema alilolisikia. Kalisikia wapi?"

"Kwangu," mdogo wangu alijibu.

"Mbele ya nani?"

"Ya bageni."

"Wakacheka?"

Mdogo wangu aliinamia kikombe chake.

"Basi soda zenu nyanyueni. Neno lililosemwa mezani kwako mbele ya watu, liondolewe mezani kwako mbele ya watu. Mimi nisiwepo. Nisionekane nimekuja kuomba heshima."

Nilibeba vikombe jikoni ili nimsaidie kuosha. Alifungua maji, akaongea yakiendelea kumwagika.

"Mama yake bibi yangu kazaliwa Manyema. Kwenu, Kongo. Walimkamata angali mdogo, wakamuuza Ujiji. Nyumbani tunasema asili yetu ni Manyema, tunaishia hapo. Hakuna anayeuliza zaidi. Sasa binti yangu ananiuliza kama sisi tuliuza watu. Nimjibu nini?"

"Mwambie kweli."

"Kweli gani? Kwamba hatukuuza, tuliuzwa? Jana wamemwita mjukuu wa muuzaji, kesho wamwite mjukuu wa mtumwa? Hujui neno hilo lina uzito gani Buyenzi, siku ya kuposa."

Nilimwomba ruhusa nimweleze mdogo wangu angalau. Alikataa. Mwaka huu tu ndipo aliponiruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Kwa hiyo mdogo wangu aliingia Jumapili ile bila kujua nilichokijua mimi. Aliwaalika wageni wale wale. Alipika bugali, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akawaandalia wote, ila yeye mwenyewe hakukaa. Walipoanza kula, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Papa, ninakuheshimu. Weye njo ulinitafutia nyumba hii. Lakini maneno ya ile dimanche ya mutoto kusoma, hapa kwangu, ilikuwa ya kuumiza jirani, na haikuwa ya kweli. Mutoto wangu aliibeba mpaka ku masomo. Leo ninaitosha, ninaiondoa hapa."

Papa aliweka kijiko chini. "Unanitosha miye?"

"Maneno, papa."

"Juu ya Baswahili."

"Juu ya muntu mwenye anapeleka mutoto wangu ku masomo, wakati miye niko nanawisha bazee ya bengine."

"Donc ni ile. Ni kazi yako unachunga."

"Ni kazi, ndiyo," alisema mdogo wangu. "Na ni aibu pia, papa. Yote mbili."

Papa aliinuka akavaa koti. Mke wake alibaki kidogo, akatutazama kama anayetaka kusema, kisha akamfuata. Tulisikia lifti ikishuka. Wageni wengine walikula haraka, wakisifu samaki kupita kiasi. Tangu siku hiyo papa hamwiti tena mdogo wangu kusoma neno kanisani, na yeye hajauliza sababu.

Mtoto alimwomba mwalimu wake nafasi ya kujisahihisha mbele ya darasa. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba ratiba imesonga, sasa wako kwenye volkano.

Sijui nani alipeleka habari chini. Katika jengo lile habari hazingoji lifti. Jumatatu, mdogo wangu aliposhuka na mtoto, mlango ulikuwa wazi. Jirani alisema tu, "Haya, wahi basi lako." Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili, lakini binti yake alikuwa amekwisha kutoka na alisimama nje na begi mgongoni.

Nilikuwa nimelala kwao usiku wa kuamkia siku hiyo, nikawatazama kutoka dirishani. Binti wa jirani alitangulia, haraka, bila kugeuka. Mtoto wetu alifuata nyuma kabisa, akijizuia asimfikie. Jirani alikuwa katikati, na walipokaribia njia kuu nilimwona akinyoosha mikono yote miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, akiwaamuru wote wawili wasivuke bado.