Siku Bugali Ilipovimba Ndani ya Gari ya Mzee Kashindi

Aibu niliyoipata mu uwanja wa kanisa kule Sange sitawaficha, maana nusu ya Uvira ilikuwa pale na nusu ingine ilihadithiwa kabla jua halijazama. Wako wanaoniita Mama Bugali mpaka leo, na mgeni akisikia anadhani ninauza chakula. Hapana, minye ni fundi wa gari, tena fundi muzuri (hilo ninalisema minye mwenyewe, maana nikingojea wanaume wa gereji waliseme nitazeeka).

Kazi yangu ni suporti, ile nyumba ndogo inayoshika kipimo cha joto la maji pale mbele ya shofere. Gari nyingi zikifika huku kwetu kipimo chao kilishakufa, ama ziko na ka-taa kadogo kekundu tu, kanakowaka wakati injini imekwisha kuungua, yaani kanakuja kukupa pole. Mashofere wanaopanda milima ya kwenda Bukavu wananunua kipimo kipya, halafu wanakifunga na waya na kipande cha mpira, kinacheza-cheza kama jino bovu. Minye nilikuwa ninashona viti vya gari, na kila siku jicho langu linaangukia hiyo waya mpaka nikachoka kuiona, nikaanza kuchora, kupima, kuharibu na kurudilia. Suporti yangu inakaa kwa nguzo ya parabrizi, kile kioo cha mbele, inalingana na macho ya shofere, imevikwa skai (ile ngozi ya bandia) ya rangi moja na viti, utasema gari ilizaliwa nayo.

Siri yake (sasa si siri tena) ilikuwa bugali. Bugali ya muhogo, nzito. Ninafunika nguzo na sashe ya plastiki, ninagandamiza bugali juu mpaka inashika umbo lote la nguzo, kwa mbele ninachonga tundu la kipimo, ninaanika kwa jua, halafu ninapaka fibre, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, na ile gundi wanayozibia mitumbwi. Ikikauka ninakwangua bugali yote kutoka nyuma, linabaki ganda tupu, jepesi. Mamamukwe wangu hakuipenda hiyo kazi hata kidogo. "Watu wanalala njaa, na weye unalisha gari," aliniambia. Nikamuahidi kwamba nitatumia tu bugali iliyobaki jana, ile ambayo hata mbuzi anaikataa. Huyo mbuzi mumukumbuke.

Basi siku ya Alhamisi akaja Mzee Kashindi, mukubwa wa chama cha mashofere wa minibisi, na jipu yake. Binti yake Esperansi anaolewa Jumamosi, ibada iko Sange, karamu iko Bwegera kwa wakwe. Akasema, "Mama Neema, mashofere wangu wote watakuwa pale. Nataka waione suporti yako. Wakiipenda, gari zote za chama zitapita kwako. Wasipoipenda, kuna wanaume wanaosema hii si kazi ya mwanamke, na minye sitakuwa na la kuwajibu." Nilimujibu asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote ukabaki kwangu.

Ijumaa mawingu yakakaa kutwa nzima, bugali haikukauka, nikaipaka fibre hivyo hivyo. Jumamosi asubuhi nikaanza kuikwangua, ganda likalia ka, nikaona ufa mwembamba kwa ukingo, nikaogopa litapasuka lote. Nikasema, aka, niiache humo ndani, nani ataichungulia? Nikaifunga na skai mbele na nyuma, nikaipaka gundi mara mbili ili hewa isiingie, nikaenda kuifunga mu jipu. Ilikuwa nzuri, ndugu zangu. Mzee aliizunguka, akaigusa na kidole kimoja, akaniambia niende kuvaa nguo nipande naye kiti cha mbele, watu wajue fundi ni nani.

Nikavaa kikwembe changu kipya. Nyuma yuko bibi harusi na mama yake, madirisha yamefungwa yote kwa sababu ya vumbi na ile shela nyeupe, na jua la bonde la Ruzizi, lililojificha Ijumaa kutwa, siku hiyo likatoka na deni lake lote. Tulipofika Kiliba harufu ikaanza, ile ya muhogo uliosahauliwa mu maji. Mama Esperansi akamuangalia binti yake. Binti akaniangalia minye. Minye (Mungu anisamehe) nikaangalia viatu vya Mzee.

"Nani amekanyaga kitu?" Mzee akauliza.

Akasimamisha gari kando ya barabara, wote tukashuka, tukavua viatu tukavikagua, na bibi harusi naye mguu juu, mama yake anamushikilia shela. Minye nilikwisha kujua. Nilikuwa nimeiona skai inavimba kama shavu la mwenye jino bovu, lakini nikavua changu pia, nikakipindua, nikakinusa, nikasema, "Changu kiko safi." Tukapanda tena. Mama Esperansi akamimina marashi, sasa ikanuka muhogo uliovaa marashi.

Kufika Sange, korali imepanga mistari miwili, mashofere wa chama wamesimama kivulini na mashati meupe, Mzee akaingia taratibu, akafungua milango yote kwa heshima. Joto likatoka na harufu yake. Na kabla bibi harusi hajaweka mguu chini, akatokea mbuzi mmoja mweusi (sijui ni wa nani, sitaki kumujua), akaweka miguu miwili juu ya kiti cha Mzee, akaiuma suporti yangu pale pa mshono, akavuta. Skai ikapasuka. Bugali ikamwagika juu ya kiti, laini, inatoa povu, na mbuzi akaanza kula bila haraka. Korali ikanyamaza katikati ya ubeti. Shofere mmoja akasema, wala hakupaza sauti, "Kumbe gari ya Mzee inakula bugali." Hapo ndipo uwanja mzima ulipoanguka kwa kicheko, mpaka pasta alijifuta macho.

Mzee hakucheka. Akaniambia, "Safisha." Basi wenzangu wakaimba ndani, minye niko nje na kikwembe kipya ninapangusa bugali, ninalia, na kila tone la jasho linaniambia umejimaliza mwenyewe.

Baada ya ibada bwana harusi akatangulia na watu wake, bibi harusi akarudi mu jipu ya baba yake. Kipimo kilikuwa kinaning'inia kwa waya wake mrefu, unaofika mpaka kwa kiti changu. Mzee akaniambia nipande, nikishike na mkono kisigonge parabrizi. Basi kutoka Sange kuelekea Bwegera suporti ilikuwa minye mwenyewe. Nikakishika na mikono miwili, macho hayana pengine pa kwenda, nikakitazama tu, na njo nikaona mshale unapanda. Kwanza nikasema moyoni, nani atanisikiliza? Ukapanda tena.

"Mzee, simama. Maji yanachemka."

"Taa haijawaka. Mama, leo umesema ya kutosha."

"Taa itawaka tukikufa. Simama, Mzee, ninakuomba."

Sijui ilikuwa sauti yangu ama nini, akasimama. Akafungua kapo, kile kifuniko cha injini: mpira wa maji umepasuka, radiateri iko karibu kukauka, na ile taa yake bado imelala. Akaangalia injini, halafu akaangalia mikono yangu, iliyokuwa bado imekishika kipimo.

Tulipokuwa tunangojea ipoe, Esperansi akaniinamia kutoka nyuma, akaniuliza polepole, "Mama Neema, pale Kiliba ulivua kiatu. Ulikuwa unajua?" Ndugu zangu, mbuzi hakuniumiza vile. Nikamuambia ndiyo, nilijua, na unisamehe mwanangu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mama yake akamukataza kuharibu poda.

Kule Bwegera, wakati wa maneno, Mzee akasimama mbele ya watu wote. Akasema, "Huyu mama ametuaibisha. Halafu ametufikisha. Kipimo chake kiliona kile taa haikuona. Wanachama, gari zetu zitapita kwake, zote. Lakini kwanza mumuletee chakula." Wakaniletea sahani, na juu yake bugali, mlima mzima, mashofere wote wananitazama. Nikaila yote. Sikubakisha hata tonge.

Sasa ninafinyangia udongo wa mfinyanzi, sitatia tena chakula mu kazi wala sitafunga kitu ambacho sikukikwangua, hata ganda likipasuka mara kumi. Na uwongo wa kiatu sitaurudilia tena. Pandeni minibisi yoyote ya chama, muangalie kwa nguzo, mutaona mkono wangu. Wale mashofere, kila ninapowapa suporti mpya, kwanza wanaiinua puani wananusa, halafu wananitazama. Ninawaacha wanuse. Inanuka skai mpya tu.