Fungu la Asiyekuwepo

Mwalimu aliyenifundisha kusikiliza watu alikuwa mama wa makamo kutoka ng'ambo. Darasa lake pale chuo kikuu, Kampala, lilianza likiwa limejaa, maana utafiti wa namna ile ulikuwa mgeni kwetu sote. "Msiende kwa watu na jibu mfukoni," alikuwa akituambia. "Nendeni mikono mitupu. Nadharia itachipuka kwenye maneno yao wenyewe." Unazungumza na mtu, unaandika aliyosema, unayakata vipande, kila kipande unakipa jina. Kisha unalinganisha kipande na kipande, mtu na mtu, mpaka majina yaanze kushikana.

Kabla hatujamaliza mwaka aliondoka. Tulikuta kufuli kwenye mlango wa ofisi yake na jina lake limebanduliwa. Wenzangu walihamia masomo mengine, wengine wakavuka kwenda Kenya. Mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na sikuwa na pengine pa kwenda.

Nilipanga chumba Mengo, mtaa wa Waganda. Marehemu baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na nilikulia kambini, ambako sisi watoto wote tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Luganda yangu ilikuwa ya kuombea maji tu. Nje ya kambi, miaka ile ya utawala wa jeshi, Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Nikiingia dukani na kusalimu, mazungumzo yalikatika. Jirani tuliyegawana naye ukuta hakuwahi kuniuliza nimeamkaje.

Utafiti wangu ulihusu sukari. Ilikuwa adimu, kama chumvi na sabuni, ikipatikana kwa magendo, nami nilitaka kujua watu wa nyumba moja wanagawanaje hicho kidogo. Kina mama wa Mengo walinijibu wakiwa wamesimama mlangoni.

"Ndiyo, afande. Tuko sawa, afande."

"Mimi si afande, mama. Ni mwanafunzi."

"Ndiyo, afande."

Niliyaandika hata hayo, kwa sababu mwalimu alitufundisha kwamba hofu nayo ni jibu. Kisha nikaanza kujikokota kwa Luganda yangu mbovu. Mama mmoja, fundi cherehani, alicheka mpaka akaachia pindo alilokuwa akishona, akaniambia niketi. Siku hiyo ndipo nilipopata mazungumzo ya kweli ya kwanza. Aliniambia kwamba sukari ikipatikana, kijiko cha kwanza hukitia kwenye kopo lililo juu ya kabati.

"Cha nini, nyabo?" nilimuuliza, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Cha mzee. Alisafiri."

Kipande kile nilikiita "akiba". Nyumba nyingine nikasikia hilohilo, na nyingine tena: fungu la kaka, fungu la mtoto wa kwanza, wote wamesafiri. Jioni nilitandaza vikaratasi vyangu sakafuni na kuvilinganisha, na jina langu likaanza kunikera. Akiba huliwa siku ya shida. Makopo haya hayakuguswa hata mtoto alipougua. Sukari ya fundi cherehani ilikuwa imeshaganda kama jiwe. Nikafuta "akiba", nikaandika "kumwekea". Ndipo nikaelewa na ile safari ilikuwa safari gani: ya waliochukuliwa na askari wasirudi.

Nilisimama nikitaka kumwambia mtu. Nikalisema neno hilo kwa sauti mle chumbani, peke yangu, nikaona aibu.

Mafunzo yale yalidai kwamba ukishaona jambo, uende pale unapodhani halipo. Nikaenda Luzira, karibu na gereza, kwenye nyumba za familia za askari. Hawa, nilifikiri, hawana wa kumwekea. Mama mmoja Mwislamu, ambaye mababu zake walikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, alinikaribisha kwa Kiswahili, akaniita mwanangu. Nilikuwa nimesahau raha ya kusemeshwa bila kuogopwa. Nilimuuliza juu ya sukari.

"Bwana wangu alikuwa askari," alisema. "Waliomchukua ni wenzake. Walikuwa wakila hapa, kwenye mkeka huu uliokalia."

"Pole sana, mama."

"Namwekea sukari yake. Utasema mimi mjinga?"

"Hapana, mama. Mko wengi."

"Wengi wapi?"

"Hata Mengo."

Alinitazama. "Waganda? Nao wanaweka?"

"Nao wanaweka."

Akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia bila sauti. "Na mimi nilidhani ni wazimu wangu," alisema.

Wanawake wale wawili, fundi wa Mengo na yule wa Luzira, wasingeweza kuketi pamoja. Mmoja angeyaogopa mavazi ya kazi ya mume wa mwenziwe. Nami nilikuwa nimeahidi kila mmoja kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu. Kwa hiyo niliwabeba wote, na ulikuwa mzigo usio na msaidizi.

Mwalimu mpya aliyepewa kunisimamia alisoma kazi yangu mbele yangu, mlango umefungwa. Alipofika kwenye sura ya waliosafiri alivua miwani.

"Hii ni kweli tupu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ukiiacha hivi, mimi na wewe tutasafiri."

Nikaandika upya. Nilieleza jinsi sukari inavyogawanywa, nikataja kwamba nyumba nyingi huweka fungu la asiyekuwepo, bila kusema kwa nini hayupo. Yeyote aliyeishi Kampala angeelewa. Nilifaulu.

Siku matokeo yalipobandikwa sikuwa na wa kumwambia. Nilishuka mpaka Port Bell, nikasimama nikitazama mabehewa yakisukumwa kuingia melini. Mchukuzi mmoja, Mkongo kwa lafudhi yake, alikuwa akipumzika juu ya gunia.

"Unangoja mtu?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Hapana. Nimefaulu mtihani."

"Basi hongera, ndugu!" akasema, akasogea kidogo kunipa nafasi. Tukakaa hapo, hatujuani, mpaka meli ilipoanza kuondoka.